Mtoto akilizwa na kitabu, kaa naye

Likizo ya Juni mwaka 2024 nilitoa kabatini nakala ya Takadini aliyoitumia kijana wangu mkubwa sekondari, nikaanza kuisoma na mdogo wake, binti wa miaka 13. Nakala yenyewe ilikuwa imechoka. Jalada lilishikiliwa kwa solotepu, na pembeni mwa kurasa kaka mtu alikuwa ameandika kwa penseli maneno anayoyajua kila mwanafunzi wa Kiswahili nchini: mila potofu, ujasiri, nafasi ya mwanamke, migogoro. Tulisoma sebuleni baada ya chakula cha usiku, nusu saa hivi, mimi ukurasa, yeye ukurasa. Mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Muheza, alikaa mkekani akichambua mchele wa kesho yake, akifanya kama hasikilizi.

Usiku wa tatu tulifika pale Sekai anapokikimbia kijiji chake na mtoto mchanga, kwa sababu akibaki mtoto atauawa. Zamu ilikuwa ya binti. Sauti ikaanza kumkwama, akameza mate, akajaribu tena, kisha akalia. Hayakuwa machozi ya kufuta kwa kiganja na kuendelea. Alilia mpaka mabega yakatikisika. Mama akaweka ungo chini.

"Mwanangu," akaniambia, "mtoto unampeleka kulala na machozi kwa faida gani? Vitabu vya kufurahisha vimekwisha?"

Sikumjibu vizuri usiku ule. Nilisema maneno mawili matatu kuhusu shule, nikafunga kitabu. Jibu lenyewe nimekuwa nalo moyoni tangu siku hiyo, na naamini wazazi wengi wenye watoto wa umri ule wanalihitaji, maana swali la mama ni swali la nyumba nyingi.

Kwa ambaye hajaisoma, Takadini ni riwaya ya Ben Hanson, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1997, na kwa miaka mingi imesomwa katika shule zetu za sekondari kwa Kiswahili. Inatupeleka kwa Washona wa Zimbabwe, zamani kabla ya wakoloni. Sekai ni mke wa kwanza, amekaa miaka bila mtoto huku wake wenzake wakizaa, na siku Mungu anapomjalia, anajifungua mtoto mwenye ualbino, ambaye watu wake wanamwita sope. Mila inataka mtoto huyo asiishi. Mama anachagua kuondoka. Hata jina analompa mwanawe ni swali: kwa Kishona, Takadini ni kusema "tumefanya nini?"

Sasa siku zile nchi yetu ilikuwa na msiba wake. Mwishoni mwa Mei mtoto mdogo mwenye ualbino alikuwa ameporwa mkoani Kagera, na katikati ya Juni mwili wake ukapatikana. Redio ilitangaza, televisheni ikatangaza, viongozi wakalaani. Binti yangu habari hiyo aliisikia tukiwa mezani, akaendelea kula. Simlaumu. Mimi pia niliendelea kula. Tangu miaka ya 2007 na 2008 mauaji haya yamesikika mara nyingi kiasi kwamba masikio yetu yamejifunza kuyapitisha. Taarifa ya habari hukupa jina la mkoa, idadi ya waliokamatwa, kauli ya kamanda wa polisi, kisha inakuja michezo.

Lakini Sekai, binti yangu alikuwa amekaa naye usiku tatu. Alimjua alivyodharauliwa na wake wenzake, alimsikia akiomba mtoto, aliuona uso wake siku ya kujifungua. Kwa hiyo Sekai alipoingia porini na kichanga, binti yangu aliingia naye. Na machozi yalipokwisha aliniuliza swali ambalo taarifa ya habari haikumfikisha: "Baba, Sekai angekuwa wa Kagera, angekimbilia wapi?"

Tulizungumza mpaka saa tano usiku. Nilimweleza ninachokijua: kwamba kuna watoto waliohamishiwa kwenye shule za bweni na vituo ili wawe salama, wakakua mbali na mama zao. Nilimweleza kuwa mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, na mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Khalfani Barwani, mtu mwenye ualbino aliyeomba kura jukwaani na kuzipata. Alisikiliza yote. Halafu akasema shuleni kwao yupo msichana mwenye ualbino, wa mkondo mwingine, anayekaa mstari wa mbele kwa ajili ya macho. "Sijawahi hata kumsalimia," akasema. Hakuongeza neno, nami sikuongeza.

Hiyo ndiyo faida niliyoshindwa kumtajia mama. Mtoto wa miaka 12, 13, 14 amekwishajua kuwa dunia ina ukatili. Anaujua kuliko tunavyodhani, kwani simu zimejaa. Anachokosa ni mahali pa kuusikia polepole, kwa sauti ya mtu anayempenda, mpaka aliyetendewa awe mtu kamili kwake. Riwaya inampa mahali hapo.

Kesho yake asubuhi, tukinywa chai, nilimkumbusha mama hadithi yake. Nilikuwa na miaka kama tisa, Muheza, umeme haujafika kwetu. Alikuwa akitusimulia ile ya binti aliyezikwa na wenzake kwa wivu wa uzuri wake, pakaota mti juu ya kaburi, na kila akipita mtu kukata kuni mti ukaimba kwa sauti ya binti. Wimbo ule mama aliuimba kwa sauti nyembamba inayotoka mbali, na kila alipoufikia sisi watoto tulikuwa tumeshikana mikono tukilia. Kesho yake jioni ilipoitwa Paukwa, tuliomba ileile. Hakuna aliyemwuliza kwa nini anatupeleka kulala na machozi.

Mama alicheka, akakaa kimya kidogo, akasema, "Ile nilifundishwa na bibi yako." Usiku uliofuata aliusogeza mkeka karibu.

Nasimulia haya kwa sababu nimewasikia wenzangu wakisema kuwa kumsomea mtoto habari za huzuni ni mtindo wa kigeni. Sikubaliani nao. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mawaidha, na hakusubiri apone ndipo atunge. Mwanzoni tu anamweleza binti kuwa yu mgonjwa na kwamba ugonjwa umemkaa mwaka mzima. Alimkalisha mwanawe karibu na maradhi ya mama, na hapo ndipo akampa maneno ya kuishi nayo. Miaka miwili hivi baadaye alifariki, na utenzi ukaendelea kukaririwa na wanawake wa Lamu na pwani nzima. Vilevile Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, anatuonyesha mtu anayelazimika kila usiku kuwapiga mijeledi manyani wawili, na akimaliza anawakumbatia na kuwalilia, kwa maana ni nduguze wa tumbo moja. Mwalimu yeyote wa darasa la sita aliyewahi kukisoma kitabu hicho kwa sauti anajua darasa linavyonyamaza pale. Shaaban Robert hakuona kuwa watoto ni dhaifu mno kwa jambo hilo.

Nirudi kwa yule mwenye penseli.

Kijana wangu alikuwa akipita koridoni kwenda chumbani kwake bila kututazama. Usiku wa tano akasimama mlangoni. Usiku wa sita akaketi mkononi mwa kochi. Dada yake alikuwa akisoma namna watoto wa kijiji wanavyomtenga Takadini, wasitake kucheza naye, na kijana akauliza, "Hiki ndicho kile tulichosoma sisi?" Ndicho. Nakala ni hiyohiyo, na mwandiko wa pembeni ni wake. Hapo akasema ukweli. Darasani walisoma sura chache. Zilizobaki walizipata kwenye kitini cha uchambuzi walichotoa kopi steshenari, kurasa kama nane, na hayo maneno ya pembeni aliyaandika kwa kufuata kitini ili ajue hoja ipo wapi. Mtihani aliufaulu vizuri. Alijua dhamira, ujumbe, msimamo wa mwandishi, matumizi ya lugha, muundo na mtindo. Sekai alimjua kama hoja namba mbili.

Siwatupii walimu lawama hii. Darasa lina wanafunzi 70, vitabu viko 12, muhula unakimbia, na swali la mtihani litataka hoja tatu kutoka katika kila kitabu. Mwalimu aliyebanwa hivyo atafundisha hoja. Uchambuzi wenyewe ni elimu ya heshima, na aliyeusomea vizuri huiona riwaya kwa macho mawili zaidi. Tatizo ni kuutanguliza. Mtoto akiambiwa kuwa Sekai ni kielelezo cha mwanamke jasiri kabla hajamwona akitetemeka, hatamwona tena akitetemeka. Atakuwa amepewa jibu la jambo ambalo halijamsumbua.

Na kwa vijana wa kiume jambo hili lina uzito wake. Mvulana wetu akianguka akalia akiwa na miaka mitano anaambiwa jikaze, wewe mwanaume. Akifika miaka 15 amekaza kila kitu. Akifiwa na baba, mvulana anabeba viti vya msibani na kumwaga maji, na watu wanamsifu kuwa amekomaa. Wapi atajifunza majina ya yanayompata ndani? Mimi sikufundishwa. Nilijifunza ukubwani, kwa taabu, na nusu ya nilichojifunza kilitoka katika riwaya moja ya Mkenya.

Riwaya hiyo ni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Mvulana wake, Kongowea Mswahili, ni mtoto wa mwimbaji taarabu wa Tanga. Mama anafariki, baba yu mbali na hajulikani sura, mtoto anabaki katika mikono isiyomtaka, na mwishowe anafunga safari ya kutoka Tanga kwenda kumtafuta baba huko Kitale, ng'ambo ya mpaka. Kwa mtu wa Tanga kama mimi, mitaa ile ni ya kwetu. Lakini haikuwa mitaa iliyonishika. Nilishikwa na jinsi mvulana yule anavyoruhusiwa kutamani baba. Anamtamani waziwazi, ukurasa baada ya ukurasa, na mwandishi hamcheki wala hamwambii ajikaze. Nilikuwa na miaka zaidi ya 20 nilipoisoma, ndani ya basi, na nilijifunika uso kwa kitambaa nikisingizia vumbi. Natamani ningeisoma nikiwa na miaka 14, na baba yangu yuko pembeni.

Ken Walibora alifariki Nairobi mwezi Aprili mwaka 2020 kwa kugongwa na gari. Kenya nzima ilimlilia, na wengi wa waliomlilia walikuwa watu wazima waliomsoma shuleni, kwani kitabu kile kiliwahi kutahiniwa katika sekondari za huko. Miezi mitatu tu kabla yake, Januari ya mwaka huohuo, tulikuwa tumempoteza Euphrase Kezilahabi. Hapo napaswa kusema juu ya kitabu kigumu kuliko hivyo viwili.

Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971. Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo huko Ukerewe, aliiandika akiwa kijana, na aliandika habari za nyumbani kwake: Rosa, binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali, anayempiga bintiye vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Tangu kipigo kile Rosa anawaogopa wavulana wote. Halafu anaondoka nyumbani kwenda kusoma mbali, uzio unafunguka mara moja, na hajawahi kufundishwa kutembea nje ya uzio. Mwisho wake ni mbaya kupita kiasi, kwa mkono wake mwenyewe. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni. Miaka ikapita, kikarudishwa, kikafundishwa.

Nimezungumza na wazazi wanaosema marufuku ile ilikuwa sahihi, na wengine wanaosema ilikuwa ujinga. Mimi naona pande zote mbili zinaruka jambo moja. Kilipokatazwa, wanafunzi walikisoma chini ya shuka kwa tochi, wakikimbilia kurasa walizoambiwa ni za aibu, na hawakuwa na mtu wa kumwuliza chochote. Kiliporuhusiwa, walikisoma kwa ajili ya mtihani, na bado hawakuwa na mtu wa kumwuliza. Ndani ya kitabu chenyewe maafa ya Rosa yanaanzia hapohapo: baba aliyeona barua akachukua fimbo, badala ya kuvuta kiti. Ni vigumu kukisoma kitabu hicho kama mzazi usijione umesimama na fimbo mkononi.

Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, na kwa wiki kadhaa nchi ilijadili vitabu vipi vinaharibu watoto. Wizara ina haki ya kuchagua kinachoingia darasani. Lakini katika mjadala wote ule sikumsikia mtu akiuliza ni watoto wangapi wanaosomewa na mzazi baada ya kumaliza darasa la pili. Tunawasomea wakiwa wadogo, wale tunaoweza, vitabu vya picha vya sungura na fisi. Mtoto akijua kusoma mwenyewe tunashukuru, tunamwachia. Na huo ndio umri ambao vitabu vinaanza kuwa vizito.

Rosa Mistika sijaisoma na binti yangu. Ana safari bado. Nitaisoma naye atakapofika 16, sura kwa sura, na sura za mwisho hatutazisoma usiku. Tutazisoma Jumamosi mchana, ili siku ibaki ya kutosha kuzungumza, na nitamwuliza kwa maneno ya wazi kama yeye au rafiki yake yeyote amewahi kufikia mahali pa Rosa, na nani angemwendea. Kijana mwenye dalili za kukata tamaa sitampa kitabu hicho kabisa mpaka awe na mtu wa kumsaidia. Hapo mzazi asione haya kusubiri.

Maana kitabu kinaweza kumwumiza mtoto, na nimewahi kuwa sababu. Mpwa wangu alikuwa na miaka 12, amefiwa na mama yake, dada yangu, mwaka mmoja nyuma. Nikamsomea Siku Njema. Nilidhani mvulana aliyefiwa na mama ndani ya kitabu atamfariji mvulana aliyefiwa na mama. Tulipofika kwenye kifo, akasimama, akasema, "Mjomba, naomba tuache." Akatoka nje, akakaa barazani mpaka giza likaingia. Nilikaa naye bila kusema kitu. Kitabu nilikirudisha kabatini na sikukitaja tena. Mwaka mmoja na zaidi baadaye nilikikuta chini ya mto wake. Alikuwa amekichukua mwenyewe, wakati wake ulipofika. Nilichokosea ni kuchagua kidonda chake nikakishika kabla hajaniruhusu. Kwa aliyefiwa karibuni, au aliyeachana na mzazi, au aliyefanyiwa ukatili, mzazi na afuate mguu wa mtoto.

Kwa wengine wote, nimejifunza machache. Mzazi akisome kitabu kwanza, peke yake, mpaka mwisho. Nimewaona watu wakianza riwaya na watoto bila kuijua, wakafika kwenye ukurasa wa kitandani wakaanza kurukaruka mistari kwa kigugumizi, na mtoto hasahau ulichoruka, atakitafuta. Ukilia mzazi, lia. Wangu waliniona nikilia kwenye Takadini, mahali ambapo mzee anamfundisha mtoto aliyetengwa kupiga mbira, na hawakuniheshimu pungufu kwa hilo. Na ukifunga kitabu, usiulize "umejifunza nini?" Swali hilo linaifanya sebule kuwa chumba cha mtihani. Nyamaza kidogo. Mtoto mwenye neno atalisema, pengine kesho yake akiosha vyombo.

Kuhusu umri, kila mtoto ana wake, lakini mimi ningeanza na Adili na Nduguze kwa wa miaka 11 au 12, na pia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, ambayo farasi wake mchapakazi huwaliza hata watoto wasiojua siasa ni nini. Takadini na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo ni za miaka 13 na 14. Hiyo ya Mbogo, yenye watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada wakaishia kuokota jalalani, msomeeni hasa mtoto ambaye ada yake hulipwa kwa wakati. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, yenye Maimuna aliyefungiwa ndani na baba yake mpaka dunia ikamjia kwa kishindo, ningeiacha mpaka 16. Na mwaka 2022 tulipata zawadi kubwa: Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na mfanyabiashara anayemwita ami, akidhani anakwenda matembezini, kumbe ni rehani ya deni la baba yake. Mhusika ni mtoto, lakini yanayomzunguka si ya mtoto, na mzazi atahitaji kuisoma kwa makini kabla. Kijana wangu wa penseli ndiyo anayoisoma sasa. Hajaandika kitu pembeni.

Ombi langu kwa walimu ni dogo, na najua dakika zao zilivyo chache. Chagueni katika kila riwaya kurasa kumi zenye moyo wa kitabu, mzisome darasani kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, bila kusimama, bila kalamu. Kisha siku hiyo msiandike hoja. Hoja zianze kipindi kijacho.

Na kwa wazazi: mwulizeni mtoto wenu leo ni riwaya gani aliyopangiwa mwaka huu. Itafuteni, hata kwenye vitabu vya mtumba au maktaba ya mkoa, na mkiweza pateni nakala mbili, moja yenu. Zimeni televisheni. Usiku wa kwanza anzeni kusoma nyinyi.